Chumba Alichojenga Mkia

Nyumba ya nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Juni,
saa nane mchana.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba lile goti linalokusumbua unapopanda ngazi za kazini limeanza kukuonea huruma. Je, bado unasimama siku nzima ukisaga vioo vya miwani, au wamekupa kiti kama ulivyoomba? Mama amesema nikuulize pia kama unakula mchana, au bado unakunywa chai na kusema umeshiba. Sisi hapa sote tu wazima. Mimi nilishikwa na mafua wiki iliyopita lakini yamekwisha, isipokuwa makamasi kidogo ya kuniaibisha darasani.

Shule inaendelea vizuri. Nimekuwa wa nne katika hesabu na wa kwanza katika insha. Nakuambia hilo kwa sababu huwa unauliza, nami nisingependa uone kuwa nimelikwepa swali.

Mwalimu wetu wa lugha anasema mtu akiwa na jambo zito la kuandika asilifiche chini ya salamu. Hivyo nitalisema sasa. Nimefuta kitu chako, shangazi. Sikujua kuwa ni chako. Kibaya zaidi ni kwamba watu wengi walikicheka, bado wanakicheka, na mimi nilishiriki kuwachekesha. Nakuandikia ili uyasikie haya kwangu kabla hujayasikia kwa mtu mwingine, na pia kwa sababu nina maswali ambayo hapa nyumbani hakuna awezaye kuyajibu.

Nianze na kipindi cha kaka. Najua Baba alikuambia kwa simu kuwa mtoto wake mkubwa siku hizi anajirekodi akipiga kelele. Hakudanganya, ila hakumaliza. Kipindi kinaitwa Mahakama ya Gemu Mbovu na kipo mtandaoni. Kaka hukusanya gemu za zamani, zile za kaseti nene za plastiki unazochomeka kwenye mashine na kuunganisha na televisheni. Watu huzileta karakanani kwa Baba pamoja na televisheni zilizokufa, kisha hawarudi kuzichukua. Kaka huzichunguza na kuzihukumu. Hujifunika kichwani nyuzi za dekio kama nywele za jaji (anasisitiza kwamba dekio ni jipya), hugonga meza kwa nyundo ya mpira ya Baba, na kusoma mashtaka kwa sauti ya mtu aliyemeza kitabu cha sheria.

Huwezi kuamini zilivyo mbovu. Kuna moja ya mbio za magari ambayo gari hukimbia zaidi likirudi nyuma, nami nilishinda mashindano yote nikiwa nimewapa wapinzani kisogo. Kuna nyingine ya mpira ambayo kipa akidaka, anageuka na kuingia na mpira golini mwake mwenyewe. Hiyo ilihukumiwa kifungo cha miaka kumi kabatini pamoja na mende.

Nasema mimi nilishinda kwa sababu kaka huongea tu. Mchezaji ni mimi. Yeye akifa mara tatu huanza kuilaumu pedi ya kuchezea. Katika video huonekana mikono yangu pembeni, sura yangu haionekani, kwa hiyo watazamaji wamenibandika jina la Mikono. Sijawahi kusema neno hata moja kwenye kipindi. Lakini kanuni kuu ya Mahakama ni yangu, nami naionea fahari: hakuna gemu inayohukumiwa kabla ya kuchezwa hadi mwisho. Nilimwambia kaka kuwa kucheka kitu ambacho hujakimaliza ni uvivu. Akakubali, kwa kuwa anayemaliza si yeye.

Sasa nifike kwenye kosa.

Mwezi wa tatu Baba alihamisha makabati ya karakana ili apake rangi. Nyuma ya kabati la vipuri kaka akakuta bati la biskuti lililojaa skrubu, na chini ya skrubu kulikuwa na kaseti iliyofungwa kwenye kitambaa. Haikuwa na picha wala jina tunaloweza kulisoma. Kaka aliichukua bila kuuliza. Baba alikuwa juu ya ngazi ana rangi hadi kwenye nyusi, na kaka akaona si wakati wa kumsumbua.

Labda unaikumbuka vizuri kuliko mimi. Ni ile ya mchukuzi mwenye miguu mifupi anayesukuma makasha ghalani. Nadhani anatakiwa kuyafikisha kwenye lori lililosimama nje. Muziki wake una noti tatu tu, zinazunguka zinazunguka, na mchukuzi akigonga ukuta hutoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa kidole. Nilijaribu alasiri mbili nzima na hakuna kasha lililotoka. Kisha nikapima kwa rula juu ya kioo cha televisheni. Mlango wa ghala ni mwembamba kuliko kasha. Walioitengeneza hawakupima, shangazi. Gemu haimalizwi kwa sababu haiwezekani kumalizwa.

Kaka alifurahi mno. Alisema kanuni yangu haihusiki na gemu isiyo na mwisho, na kwamba tuihukumu siku hiyohiyo. Nilisita, kisha nikakubali. Hapo ndipo naona nilipoanza kukosea, kabla hata ya kubonyeza kitu.

Gemu ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi mchezo, na nafasi hiyo ilikuwa na mtu. Jina lake Mkia. Muda aliocheza, saa mia mbili na kumi na mbili. Zile alasiri mbili nilicheza bila kuhifadhi, lakini ili tuhifadhi mchezo wetu mbele ya kamera ilibidi tumfute. Kaka akaona hiyo ndiyo sehemu tamu kuliko zote. Alifungua mchezo wa Mkia, makasha yote tisini na sita yakatokea yakiwa yamepangwa huku na huko, naye akaanza.

“Ndugu watazamaji, mbele yetu yuko raia mwema anaitwa Mkia. Amekaa ndani ya ghala hili saa mia mbili na kumi na mbili, na hajatoa kasha hata moja. Mchukuzi kazi yake ni kuchukua. Huyu amehamia.”

Akasoma hotuba ya mazishi. Akavua dekio kwa heshima, akalivaa tena. Kisha akasema, “Mikono, mzike,” nami nikabonyeza. Unaonekana wazi ule ukucha wangu wenye plasta. Nilikuwa nacheka, shangazi. Mikono yangu inatikisika kwa kicheko.

Kipindi hicho kimetazamwa na watu wengi kuliko vyote vilivyotangulia ukivijumlisha. Na jina likatoka humo likaanza kutembea lenyewe. Mtu akichelewa kufanya jambo wanamwambia asiwe Mkia. Mwezi uliopita mwanafunzi mmoja darasani alikaa muda mrefu ubaoni na hesabu yake, na nyuma yangu mtu akasema, “Mkia huyo, mleteeni godoro ahamie.” Darasa zima likacheka. Yule msichana aliyekuwa ubaoni hakujua maana yake, alijua tu kwamba ni yeye anayechekwa. Hiyo ndiyo siku ya kwanza nilipoacha kulipenda lile neno, na bado sikujua ni lako.

Baba huwa hatazami vipindi vya kaka. Lakini wiki tatu zilizopita, tukiwa mezani mchana, kaka akamwekea simu kando ya sahani ili aone watu walivyo wengi. Baba alicheka alipoona dekio. Alicheka tena kwenye noti tatu za muziki. Kisha jina likatokea, akaacha kutafuna.

“Kaseti hii mmeitoa wapi?”

“Kwenye bati la biskuti, Baba. Chini ya skrubu.”

“Na huyo Mkia?”

“Mteja fulani wa zamani. Angalia, angalia hapa, hapa ndipo tunapomzika.”

Baba aliangalia mazishi mpaka mwisho. Akamrudishia kaka simu taratibu, kama kitu chenye maji kinachoweza kumwagika.

“Mmeifuta kweli, au ni mambo ya kamera?”

“Tumeifuta. Mikono hapa ndiye aliyebonyeza.”

“Mkia ni dada yangu,” Baba akasema. “Ni shangazi yenu.”

Kaka alicheka kwanza, akidhani anataniwa. “Shangazi? Huyu wa kutuuliza kila siku mmesoma, mmesoma?”

“Huyohuyo.”

Mama alisema “jamani” kwa sauti ndogo na kuanza kukusanya sahani ambazo hazijaisha. Baba alinawa mikono akarudi karakanani. Jioni alitueleza tu kwamba jina hilo ulipewa kwa sababu popote alipokwenda ulikuwa nyuma yake, hata chooni ulimsubiri mlangoni ukimsimulia mambo.

Nilikaa na aibu siku mbili. Siku ya tatu nikagundua kwamba aibu yangu ina kitu ndani yake, na kitu hicho ni swali. Wewe ni mtu unayesaga vioo mpaka mtu aone herufi za mwisho ukutani. Hukukaa saa mia mbili na kumi na mbili katika ghala bila kuwa na kazi humo. Ulikuwa unafanya nini?

Mchezo wenyewe nimeufuta, lakini video ipo, na ghala lako linaonekana kwa sekunde arobaini kabla ya mazishi. Nilisimamisha picha. Nikachukua karatasi ya hesabu yenye miraba na kunakili kila kasha, moja baada ya jingine. Niliponakili kama nusu, nikaona kwamba hayakuwa yametupwa huku na huko kama tulivyodhani. Yalikuwa kuta. Palikuwa na vyumba, palikuwa na milango. Na katika ukuta mmoja palikuwa na kasha moja lililotokeza peke yake, halina sababu.

Ile sehemu naijua. Naijua kwa nyonga yangu. Ni kona ya jikoni kwetu inayotokeza kwa ajili ya bomba la maji, ambayo kila mtu wa nyumba hii ameshajigonga akiwa na haraka. Nilishuka jikoni na karatasi yangu nikahesabu hatua kutoka kona hadi mlango, kutoka mlango hadi ngazi tatu za karakana. Kila hatua mbili ni kasha moja, kila mahali. Ulichora nyumba yetu kwa makasha, shangazi.

Ila kuna chumba kimoja ambacho sikukikuta. Kwenye ghala lako kimeungana na jikoni upande wa nyuma, kina mlango wake na nafasi ya dirisha. Hapa kwetu upande huo kuna kamba za kuanikia nguo na pipa lisilo na mfuniko. Nilisimama katikati ya mashuka nikaizungusha karatasi kila upande, nikidhani nimeishika vibaya.

Nilimpelekea Baba. Aliitazama kwa muda, akaweka kidole juu ya kile chumba. Akasema enzi hizo ulikuwa unalala kwenye kochi la sebuleni, na kwa kuwa wateja walipitia sebuleni kufika karakanani, ilibidi uwe umeamka, umekunja matandiko na kuyaficha kabla karakana haijafunguliwa, hata siku ulizokuwa unaumwa. Babu alikuahidi chumba nyuma ya jikoni. Alileta hata matofali. Kisha karakana ikahitaji kaunta, na matofali yakaenda kwenye kaunta. Mwaka uliofuata akaahidi tena. Baba alisema hukuwahi kulalamika, ulikuwa unawasha tu televisheni ya wateja iliyokuwa inangoja kuchukuliwa na kucheza ile gemu ambayo kila mtu aliitupa.

Mimi nina chumba changu. Ni kidogo, lakini nikifunga mlango umefungwa. Sijawahi kufikiri kwamba hicho ni kitu cha kujiuliza.

Basi nimeanza kukijenga upya. Kaseti bado inafanya kazi, na kila siku nikimaliza masomo ninasukuma makasha kufuata karatasi yangu. Sasa ndiyo naelewa zile saa. Mchukuzi anaweza kusukuma, hawezi kuvuta. Kasha likigusa ukuta wa ghala haliondoki tena hapo. Lazima ujue kasha la mwisho litapita wapi kabla hujasukuma la kwanza, ukikosea unarudi mwanzo, na nimerudi mwanzo mara kumi na moja. Nimefikisha makasha thelathini na manne. Nimegundua pia kwamba ni lazima uanze na ile kona ya bomba, la sivyo huwezi kuifikia baadaye. Je, nawe uligundua hivyo, au una njia nyingine? Na ulikuwa na karatasi, au yote yalikuwa kichwani?

Swali langu jingine ndilo linaloninyima raha. Ndani ya kile chumba chako, kwenye pembe ya chini kushoto, palikuwa na makasha ambayo siyaoni. Kaka alikuwa ameinama kusoma mashtaka, na nyuzi za dekio zimeziba pembe hiyo kwa sekunde zote arobaini. Nimehesabu yaliyobaki: ni makasha manne. Kaka anasema labda ni kitanda. Mama anasema hakuna anayetaka kitanda kwenye pembe iliyo mkabala na mlango, hiyo ni meza. Mimi sitaki kukisia katika chumba cha mtu. Nimekuwekea karatasi humu kwenye bahasha, na miraba ya pembe hiyo nimeiacha wazi. Ukikumbuka, nichoree na unirudishie.

Nikueleze na habari za kaka, maana nisingependa umfikirie vibaya. Jioni ileile ya siku tuliyojua, nilimwambia aiondoe video.

“Unajua ni watu wangapi wameiona?” akasema.

“Najua. Ndiyo sababu.”

“Hakuna hata mmoja anayejua kuwa ni yeye.”

“Yeye atajua.”

“Ametoka lini kazini akakaa kutazama majaji wa dekio? Acha hizo, wakili wa mikia yote duniani.”

Hatukusemeshana siku mbili. Alijaribu kurekodi kipindi kingine bila mikono yangu, akafia kwenye daraja la kwanza mara kumi na tisa, na unasikika wazi akiiambia pedi maneno ambayo Mama alikuja kuuliza ni nani anaambiwa. Kisha nilimwonyesha karatasi ya miraba. Alishuka jikoni, akahesabu hatua mwenyewe, akajigonga kona. Tangu hapo hajalivaa dekio, na Mama amelichukua na kulipigia deki.

Tumekubaliana hivi, mbele ya Baba. Uamuzi ni wako. Ukisema video iondolewe, itaondolewa siku ambayo jibu lako litafika, na kaka hatasema neno. Anajua atapoteza watazamaji, maana wengi walikuja kwa ajili ya video hiyo, na ana ndoto kubwa na kipindi chake. Ukisema ibaki, basi nimemwomba kitu, naye amekubali. Tufungue kesi upya, na mara hii mimi niongee, niwe wakili wa mchukuzi. Niwaambie watu kwamba mlango wa ghala ni mwembamba kweli na gemu ni mbovu kweli, lakini kuna mchezaji mmoja ambaye, alipoona hakuna kinachoweza kutoka, alitazama alichonacho ndani. Jina lako halisi sitalitaja. Naogopa kuongea mbele ya kamera kuliko ninavyoogopa mtihani, lakini nimeshaandika aya mbili, na nadhani ni nzuri.

Sitaki utuhurumie kwenye jibu lako. Ukiwa umekasirika, sema umekasirika. Kasirika na mimi kwanza, kwa sababu kaka aliongea tu. Aliyebonyeza ni mimi.

Nilidhani barua ingeishia hapo. Lakini juzi nilijiuliza jambo lingine, na jibu lake limenifanya niandike haraka kuliko nilivyokusudia.

Baba alishawahi kunifundisha kwamba kaseti za namna hii hutunza kumbukumbu kwa betri ndogo iliyo ndani, ya duara, kama ya saa ya mkononi. Betri hiyo huishi miaka kumi, kumi na mitano ikijitahidi sana. Ikifa, kila kilichohifadhiwa kinakwenda nayo. Sasa wewe uliondoka hapa kabla kaka hajazaliwa, na kaka ana miaka kumi na tisa. Na gemu uliicheza miaka mingi kabla ya kuondoka. Kwa hesabu yoyote ile, Mkia alipaswa kuwa amefutika zamani, kabla yangu. Tulimkutaje hai?

Nilimwomba Baba ruhusa ya kuifungua. Alinipa bisibisi bila kuuliza kwa nini. Ndani betri ilikuwa safi. Lehemu iliyoshika miguu yake ilikuwa inang'aa, na chini yake palionekana lehemu nyingine ya zamani iliyofifia. Pembeni palikuwa na kipande cha karatasi ya gundi, na juu yake tarehe mbili kwa penseli. Miandiko ya mafundi inafanana, lakini saba ya Baba yenye kofia naijua. Tarehe ya pili ni ya mwaka niliozaliwa.

Nilirudi nayo kwa Baba kwenye meza ya kazi, alikuwa anafungua spika.

“Baba, umebadilisha betri hii?”

“Mara mbili.”

“Na kumbukumbu haikufutika?”

“Ukiitoa bila kuweka nyingine pembeni, inafutika palepale. Unaunganisha ya pili kwanza kwa waya, ndipo unatoa ya zamani. Umeme usikatike hata kwa kufumba na kufumbua.” Akafikiri kidogo. “Mara ya pili mama yako ndiye aliyeshika waya. Wewe ulikuwa tumboni, akalalamika mgongo mpaka nikamaliza.”

“Ulikuwa unaicheza?”

“Mimi? Hata kuiwasha nilikuwa nabahatisha. Naiwasha, nikiona kipo, nazima.”

Nilimuuliza kama aliwahi kukuambia. Akasema kwenye simu mnaulizana afya na hali ya hewa, na hamjawahi kufika huko. Nikamuuliza kwa nini basi alifanya hivyo. Alipuliza vumbi kwenye spika, akaipuliza tena ingawa lilikuwa limekwisha.

“Chumba chenyewe hatukumjengea,” akasema. “Nikaona angalau hicho kisibomoke.”

Sasa unajua nilichokifuta, shangazi. Nilidhani nimefuta saa zako mia mbili na kumi na mbili, kumbe nimefuta na za Baba. Hajanigombeza hata kidogo. Hajaniambia pia nikuandikie haya. Nimeyaandika kwa sababu nadhani ulistahili kuyajua miaka mingi iliyopita, na kwa sababu yeye hatayasema kwa simu hata mkiongea mpaka betri ziishe. Ukipiga simu, tafadhali mwombe yeye kwanza, kabla ya kunitaka mimi.

Mama anakusalimu sana, na anasema usijidanganye na chai. Kaka anakusalimu, amesimama mlangoni tangu nianze ukurasa huu akijifanya anatafuta chaja, na amenituma niandike kwamba anaomba radhi na kwamba atakuandikia mwenyewe akipata maneno yasiyo ya mahakamani. Baba amepita mara moja, akaona jina lako juu ya bahasha, akasema nikuambie goti lipakwe mafuta ya moto usiku. Wasalimie wenzako wa meza ya vioo, hasa yule mama anayekuazima mto wa kukalia.

Mungu akupe afya ya miguu na ya macho, akupe usingizi wa kutosha nyuma ya mlango wako mwenyewe, na akulainishe moyo utakaposoma barua hii.

Ni mimi binti wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Mikono